Parabellum tatu za Uswisi: ipi ununue, na vipande vidogo vinasemaje

Nianze na jibu kwa wasio na subira. Ukitaka bastola ya Parabellum ya kupigia shabaha kila wiki, nunua ya 1929. Ukitaka iliyotengenezwa kwa akili kuliko zote, tafuta ya 1906. Ya 1900 itazame kwa mwenzio, ishike, ifurahie, kisha mrudishie mwenyewe.

Kazi yangu ni kukereza. Nilisomea chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, nikachonga bushi na shafti za mashine za katani huko Tanga, na sasa mimi na mume wangu tunaishi Jura, Uswisi, ambako niko kwenye karakana inayotoa vipande vya saa. Ni vipande ambavyo kimoja kikianguka sakafuni unakitafuta kwa sumaku. Kwa hiyo mtu akinipa bastola, macho yangu hayaendi kwenye ukali wake. Nataka kujua nani alichonga nini, kwa chombo gani, na kwa nini fundi aliyemfuata aliamua kuchonga vingine. Mzee mmoja wa klabu yetu ya shabaha anazo zote tatu. Alinipangia mezani, akanipa kitambaa na mafuta, na bisibisi akaificha mfukoni. Alikuwa sahihi: bastola hii unaifungua kwa mikono mitupu, skrubu pekee unazoziona ni zile za vibao vya mpini. Ya 1929 ninayo yangu pia, kwa hiyo hiyo naijua hata gizani.

Kwa wasioifahamu: hii ndiyo bastola inayoitwa Luger, kwa jina la Georg Luger, Mwaustria wa Tirol aliyezaliwa 1849 na kufanya kazi katika kampuni ya DWM ya Berlin. Hakuianzia hewani. Kulikuwa na bastola ya Hugo Borchardt ya 1893, yenye mtambo uleule lakini kubwa, ndefu nyuma, isiyokaa mkononi. Waswisi waliijaribu wakaikataa, Luger akaipunguza na kuikunja mpaka ikawa silaha ya kubeba kiunoni, na mwaka 1900 jeshi la Uswisi likaipokea rasmi kabla ya jeshi lingine lolote. Risasi za milimita 7.65, nane kwenye magazini, mtutu wa milimita 120. Wajerumani walikuja baadaye: jeshi la majini 1904, la nchi kavu 1908, wote kwa risasi ya milimita 9. Ukipita nje ya Fort Jesus, Mombasa, uone ule mzinga wa manowari ya Königsberg, kumbuka kwamba mabaharia wa meli ile walitoka katika jeshi ambalo bastola yake rasmi ilikuwa Luger ya mtutu wa milimita 150. Mzinga ndio unaopigwa picha.

Sasa mtambo. Bastola nyingi za leo zina gamba la juu linalorudi nyuma lote. Hii ina goti. Vyuma viwili vimeunganishwa kwa pini katikati, na vikinyooka vinakifunga kizibo nyuma ya mtutu kama mguu ulionyooshwa. Risasi ikitoka, mtutu na goti vinarudi pamoja hatua fupi, vifundo vya goti, vile viwili vya pembeni unavyolivutia kwa vidole, vinagonga mteremko wa fremu, goti linakunjika kwenda juu, ganda linatoka, springi inalirudisha. Ni mashine nzuri sana kuitazama. Pia ni mashine yenye kiburi, kwa sababu kila kitu kinategemea nguvu ya risasi kulingana na nguvu ya springi. Risasi dhaifu, goti halifiki mwisho. Springi iliyochoka, goti linarudi kivivu.

Na springi ndiyo inayoigawa historia ya bastola hii vipande viwili.

Ya 1900 ina springi ya bapa, ndugu ya zile zilizo chini ya lori la Fuso, ila hii ni nyembamba na imejificha nyuma ya mpini. Nimeitoa, nimeigeuza juani. Imepigwa na kupashwa moto na mtu aliyejua kazi yake, imepungua unene kidogo kidogo kuelekea mwisho ili mkunjo usambae sawasawa. Nikiwa fundi naivulia kofia. Nikiwa mtumiaji siitaki. Springi ya bapa inategemea mkono wa aliyeipasha moto siku ile: ikizidi ugumu inakatika, ikipungua inalala. Wahandisi wa DWM walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya kifundo cha kulia cha goti waliweka komeo dogo, kijino chenye springi yake kinachoshika fremu goti likishafungwa, ili lisidunde na kujifungua nusu. Yaani walikuwa na kipande kimoja cha wasiwasi, wakaongeza kipande cha pili cha kukichunga.

Mwaka 1906 wakaacha. Springi ya bapa ikatoka, ikaingia ya koili, waya uliosokotwa, umekaa kwenye tundu ndefu nyuma ya mpini na fimbo katikati yake. Koili inabeba kazi kwa urefu wote wa waya, haina sehemu moja inayoumia peke yake, na kiwandani mashine inasokota ya kwanza na ya mia zikafanana. Komeo la kwenye kifundo halikuwa na kazi tena, likaondolewa. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ya 1906. Tatizo moja limetatuliwa pale lilipoanzia, na kipande kilichokuwa kikilifunika kimefutwa kwenye mchoro. Karakanani kwetu bosi wangu huwa anauliza, "Umetoa nini?" kabla hajauliza umeongeza nini. Angefurahi.

Vifundo navyo vikabadilika. Kwenye ya 1900 vimechimbwa kidogo upande mmoja kama vimelambwa, na meno ya kushikia yapo sehemu tu ya ukingo. Vinapendeza kweli, lakini kidole chenye jasho kinateleza. Vya 1906 ni bapa usoni na meno yamezunguka. Unavuta mara moja, goti linapanda. Nilitarajia wa 1929 wangeendelea hapo hapo. Badala yake waliondoa meno kabisa. Vifundo vya 1929 ni laini. Najua sababu, nami nakereza: kila meno ni operesheni moja zaidi kwenye mashine, na kila operesheni ina bei. Hata hivyo hapa walibana pasipofaa. Siku ya baridi, mikono ina mafuta, bastola mpya springi yake bado kali, utavuta ukitukana kimoyomoyo. Vyuma vilivyokuwa na haki ya kubaki na meno kuliko vyote ni vile viwili.

Kipande kinachofuata ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu ndicho bora katika bastola nzima: kucha ya kuvutia ganda.

Kazi ya kucha ni kushika ukingo wa ganda na kulitoa chumbani, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, baada ya mlipuko. Kwenye ya 1900 ni kibapa kilicholazwa juu ya kizibo, chenyewe ndiyo kucha, chenyewe ndiyo springi. Ukiitazama bastola iliyofungwa huwezi kujua kama ndani kuna risasi. Ya 1906 ina kucha fupi, nene, inayozunguka kwenye pini yake na kusukumwa na kispringi cha koili kutoka chini. Risasi ikiwa chumbani, kucha inainuka juu ya uso wa kizibo. Unaiona, na usiku unaipapasa kwa kidole. Ubavuni, sehemu inayojitokeza ikiinuka, Wajerumani waliandika GELADEN; zilizouzwa Marekani ziliandikwa LOADED, na za Ureno CARREGADA. Kipande kilekile sasa kinashika ganda, kinalitoa, na kinakwambia kuna kitu ndani, bila kuongeza hata gramu ya maana. Na kikivunjika unasukuma pini, unaweka kingine, umemaliza.

Mzee alinisikia nikiisifu, akasema kwa Kijerumani chake cha Bern, "Mama, hiyo ni kucha tu." Nikamwambia anipe hiyo kucha tu niende nayo nyumbani. Hakunipa.

Sefti, yaani vizuizi vya bastola isipige bila kukusudia, niipitie haraka. Zote tatu zina sefti ya mpini, kile kibao nyuma kinachobanwa na kiganja. Usipokishika sawasawa, kishikizo, yaani chuma kinachoizuia pini ya kugongea risasi mpaka uvute, hakiiachii pini hiyo. Kisefti cha kidole, upande wa kushoto, kazi yake ni kukizuia kibao hicho kisibanwe. Wajerumani mwaka 1908 walikitupa kibao cha mpini wakabaki na kisefti cha kidole peke yake, Waswisi wakakishikilia kibao hicho mpaka mwisho. Mimi niko na Waswisi. Na kwa wenye viganja vidogo kama changu, ya 1929 ina kibao kirefu zaidi, unakibana hata ukishika kwa chini kidogo. Kwenye ya 1900 na ya 1906 lazima nijipange kwanza.

Kifyatulio kina hadithi yake. Ya 1900 za mwanzo zilikuja na kifyatulio chembamba, ukingo unaokata ncha ya kidole. Katikati ya uzalishaji Waswisi wakapata kipana. Ya mzee ni ile ya chembamba, na ndiyo sababu wakusanyaji wanaitolea macho. Kwa kupiga shabaha, hapana. Baada ya magazini mbili kidole kimeshachoka.

Lakini upana wa kifyatulio ni jambo dogo ukilinganisha na kinachotokea nyuma yake. Luger hakuwa na njia ya kunyoosha kutoka kwenye kifyatulio hadi kwenye kishikizo, kwa sababu kishikizo chenyewe kimelala nje, kwenye ubavu wa kushoto wa chuma kinachobeba mtutu, ambacho kinatembea. Kwa hiyo akaweka kibati ubavuni, na ndani ya kibati kikono cha pembe kama herufi L. Unavuta kifyatulio nyuma, kinainua mguu mmoja wa L, mguu wa pili unasukuma kitufe kilicho kwenye kishikizo kwa upande. Mwendo umegeuka pembe mara moja na umepita kwenye vyuma vitatu kabla pini haijaachiliwa. Ndiyo maana kila Parabellum ina mvuto wake. Unene wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye kibati unatosha kuufanya mvuto uwe mtamu au uwe kama kuburuta kabati.

Hapa ndipo nawaomba msikilize kama mnanunua. Kibati kililinganishwa kwa mkono na bastola yake. Kwenye zile za DWM utaona tarakimu mbili za mwisho za nambari ya bastola zimepigwa kwenye vipande vidogo, na watu wengi wanadhani nambari hizo ni za wakusanyaji wa kujionyesha. Ni za fundi. Zinamwambia kipande hiki kililetwa kikae na kile. Kwenye soko moja la silaha za kale niliwekewa mezani ya 1906 inayong'aa, bei nzuri, maneno mengi. Nilipogeuza kibati, nambari ilikuwa ya bastola nyingine, na kifyatulio kilikuwa kinasafiri muda mrefu bila kugusa kitu, halafu kinakwama ghafla. Muuzaji akasema "kitalainika." Chuma kilichochongwa kwa ajili ya mwenzake hakilainiki. Nikaondoka.

Kibati hicho hicho kina hatari ambayo ni lazima niitaje. Ukikitoa, kishikizo kinabaki wazi ubavuni, na kama pini ya kugongea ilikuwa imejikoki na kuna risasi chumbani, ukikibonyeza kwa kidole bastola inapiga, ingawa kifyatulio hakijaunganishwa na kitu. Polisi wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliongeza utepe wa chuma juu ya kishikizo ili kibati kikitoka kishikizo kijifunge. Jeshi halikufuata. Kwa hiyo kanuni ya meza yangu ni ya zamani: magazini nje, goti juu, macho chumbani, kidole chumbani, ndipo mkono uguse kiwiko cha kufungulia bastola.

Nimeshaingia kwa Wajerumani, niseme mawili matatu ya kwao, maana nao walicheza na vipande vidogo mpaka mwisho. P08 za mwanzo, yaani Luger za jeshi lao za 1908, hazikuwa na kizuizi cha kuliacha goti wazi risasi zikiisha, kitu ambacho Waswisi walikuwa nacho. Mwaka 1913 walikirudisha, na za zamani nyingi zikarudishwa karakanani kuwekewa. Mwaka 1916 wakapunguza kishikizo kidogo mbele ili uweze kuvuta goti na kuingiza risasi sefti ikiwa imefungwa, jambo ambalo ungedhani mtu angelifikiria siku ya kwanza. Miaka ya 1930 pini ya kugongea ikachongwa mifereji, ili kitako cha risasi kikitoboka gesi ipite pembeni badala ya kuirudisha pini nyuma kwa kishindo. Mfereji mdogo, dakika chache kwenye mashine, faida kubwa. Hayo ndiyo mabadiliko ninayoyaheshimu.

Turudi Uswisi. Vita vya Kwanza vilipokata bastola za Berlin, kiwanda cha silaha cha serikali mjini Bern kikaanza kutengeneza chenyewe, 1918, kwa mchoro wa 1906. Bastola nzuri, ila ghali mno, na hapo ndipo ya 1929 ilipozaliwa: mchoro wa mhasibu. Uso wa mbele wa mpini, ambao Luger aliuchora kwa mkunjo mzuri kuelekea chini, ukanyooshwa wima. Wenye mapenzi na sura wanalia mpaka leo. Lakini ule mkunjo ulihitaji chombo cha kuchonga kufuata umbo, tena na tena, na mstari ulionyooka unapita mara moja. Vibao vya mpini vikawa vya plastiki. Kisefti cha kidole kikawa bapa, rahisi kushikwa. Msalaba wa Uswisi ukahamia mbele ya goti. Nyuso nyingi ambazo hazigusi kitu ziliachwa bila madoido.

Na je, wahasibu waliiharibu? Hapana. Nyuso zinazofanya kazi hawakuzigusa. Goti linafunga kwa ukimya uleule, mtutu wa Bern ni mtutu wa Bern, na mpini ulionyooka, baada ya kuuzoea, unaupa mkono wangu mahali zaidi pa kukaa. Kwenye mita 50, umbali ambao Waswisi wanapiga bastola kama jambo la kawaida, ya 1929 inaweka risasi zangu pamoja kuliko ya 1906 ya mzee. Ninakubali kwamba yangu nimeizoea. Hata Mauser, kiwanda cha silaha cha Ujerumani, walipotaka kuifufua Parabellum mwanzoni mwa miaka ya 1970, walianzia kwenye muundo wa Uswisi wa 1929, mpini ulionyooka na yote.

Kuna kitu kimoja cha ya 1900 kilichonishika moyo na sitakificha. Kifyatulio, kisefti na kiwiko cha kufungulia havikutiwa rangi ya bluu kama vingine. Vimepashwa moto mpaka karibu nyuzi 225, vikageuka manjano ya dhahabu iliyofifia, vikaachwa hapo. Chuma kikiendelea kupanda kinapita zambarau, kikikaribia 300 kinakuwa bluu. Aliyevitoa motoni alisimama akitazama rangi, akavitoa kwa wakati wake, na baada ya zaidi ya miaka mia moja rangi ile bado ipo pale vidole havikuifuta. Nilikaa nayo mkononi kuliko ilivyohitajika kwa tathmini.

Kwa wanaoishi huku na wanaotaka kununua: kibali cha kununua silaha kinatolewa na kantoni, yaani jimbo, unayoishi, anza nacho kabla ya kupenda bastola ya mtu. Ya 1929 ndiyo nafuu kati ya tatu hizi na haina haya ya kutumiwa. Ya 1906 angalia kibati, angalia kucha inainuka na kushuka bila kusita, vuta goti polepole usikilize kama springi inakwaruza tundu lake. Ya 1900 mwenye nayo atakwambia springi ni ya asili. Muulize kama komeo la kwenye kifundo bado linashika, maana wengi hawajui hata kama lipo. Risasi za 7.65 Parabellum bado zinatengenezwa, Fiocchi wa Italia wanazo, ila bei yake itakufundisha kupiga polepole. Magazini ya pili tafuta siku ileile, na ijaribu kwenye bastola yenyewe kabla ya kulipa.

Mzee nimeshamwambia akitaka kuuza ya 1906 anipigie mimi kwanza. Anasema mjukuu wake alishawahi.